Fedha ya Januari haijengi

Mfuko wa familia unaosaidia vikundi vya vijijini hupenda kugawa ruzuku mwisho wa mwaka. Sababu inaeleweka: ndugu wa Dar es Salaam na Dodoma wamerudi nyumbani kwa Krismasi, wadhamini wanapatikana kwa siku moja, akidi inatimia, na wiki ya pili ya Januari fedha iko kwenye akaunti za vikundi. Kwa familia ni utaratibu mzuri. Kwa kikundi kinachojenga vyoo vya shule Makete, au kituo cha kulelea watoto Kilolo, huo ni mwezi mbaya kuliko yote kumi na miwili.

Mvua za Nyanda za Juu Kusini ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, kwingine Mei. Januari watu wako shambani wanapalilia. Ukiitisha msaragambo wa kusomba mawe atakuja mwenyekiti na wazee watatu. Tofali za kuchoma hufyatuliwa na kuanikwa kiangazi, kwa hiyo zilizopo ni masalia na bei imepanda. Mito imejaa, mchanga hauchoteki. Lori likizama kwenye tope la mlimani, kikundi kinalipia siku za kukwama ambazo hazimo kwenye bajeti. Na kwa kuwa mkataba unadai ripoti ifikapo Juni, viongozi hununua vifaa harakaharaka ili matumizi yaonekane: saruji inapangwa juu ya sakafu ya udongo ya ofisi ya kijiji, inavuta unyevu, na Aprili unakuta mawe yaliyovaa mifuko. Mfuko wa familia unaandika kwenye jalada "usimamizi dhaifu". Kosa lilikuwa kwenye kalenda.

Hesabu ianzie mwisho irudi nyuma. Muda wa kujenga ni Julai hadi Oktoba, mavuno yakishaingia ndani na njia zikiwa zimekauka. Basi fedha iwe kwenye akaunti mwisho wa Juni, mkataba usainiwe mwanzoni mwa mwezi huohuo, wadhamini waamue Mei, ziara zifanyike Machi na Aprili, maombi yapokelewe Januari na Februari. Mkutano wa Krismasi ubaki, ila upitishe kiasi cha fedha cha mwaka na aina ya miradi tu. Ziara ya Machi ina taabu, lakini ndiyo inayosema kweli. Shimo la choo linaloonekana salama Septemba, Machi limejaa maji. Njia ambayo gari hupita Agosti, Machi mjamzito anabebwa kwa machela. Nenda na mabuti.

Kalenda hii nayo isifuatwe kwa macho yaliyofumba. Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na huko na Kyela mvua nzito huendelea hadi Mei, kwa hiyo Agosti ni salama zaidi kuliko Julai. Mbarali, Juni watu bado wako kwenye mpunga. Isimani shida si tope bali maji ya kukorogea zege, na gharama ya kuyasomba lazima iandikwe kwenye bajeti tangu mwanzo. Makete kuna baridi kali Juni na Julai. Zege hukomaa polepole, na fundi anayefungua mbao za lenta kwa mazoea ya Mbeya mjini anaacha nyufa. Mtendaji wa kijiji anayajua haya yote. Muulize kabla hujaandika tarehe kwenye mkataba.

Miradi ya chakula huenda kinyume. Njaa hubana Januari hadi Machi, ghala la nyumbani likiwa limepungua na mahindi mapya bado yako shambani, lakini fedha ya uji ifanye kazi Julai na Agosti, bei ikiwa chini. Chukua kituo chenye watoto 80: gramu 80 za unga kwa mtoto ni kilo 6.4 kwa siku, na kwa siku 100 za masomo ni kilo 640. Ukiweka na upungufu wa kusaga, magunia saba ya kilo 100 yanatosha, na yanaenea kwenye chumba kidogo. Mahindi yakauke hadi unyevu wa asilimia 13 au chini yake. Pasipo kipimo, tia punje kwenye chupa kavu ya kioo pamoja na chumvi iliyokaushwa vizuri, tikisa, acha itulie. Chumvi ikinata kwenye kioo, rudisha mahindi juani. Kisha yaingie kwenye mifuko ya kinga njaa, ile yenye tabaka za ndani zisizopitisha hewa, kila tabaka lifungwe peke yake, mifuko ikae juu ya mbao na mbali na ukuta. Kinachoiharibu ni panya, na mpishi anayefungua mfuko mpya kila Jumatatu kabla ule wa kwanza haujaisha.

Hapo kwenye uji kuna jambo linalouma. Utafiti wa afya wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta udumavu kwa asilimia 56.9 ya watoto wa chini ya miaka mitano mkoani Iringa, mkoa unaolima mahindi ya kuuza nje ya mipaka yake. Udumavu huanza tumboni na hukomaa kabla mtoto hajafikisha miaka miwili. Uji wa shule ni mwema, mtoto mwenye njaa hasomi, lakini mfuko wa familia unaotaka kupunguza udumavu upeleke ruzuku kwa vikundi vya kina mama na wahudumu wa afya ngazi ya jamii: maharage, karanga, dagaa, mayai, na muda wa mama kupumzika shambani.

Tukirudi kwenye ujenzi, ruzuku ndogo huzaa matunda zaidi kwenye kumalizia maboma kuliko kwenye msingi mpya. Kijiji kimeshachangia mawe, tofali na nguvu, ukuta umesimama, paa halipo. Lakini boma likaguliwe kabla ya kuahidiwa bati. Shusha timazi kwenye pembe zote nne. Angalia mistari miwili mitatu ya juu: boma lililonyeshewa misimu miwili bila paa huwa tofali zake za juu zimelainika, na kenchi zikiwekwa hapo zitatembea. Mistari hiyo ibomolewe na kujengwa upya. Ufa unaopanda kama ngazi kutoka kwenye pembe ya dirisha ni dalili ya msingi kukaa vibaya, na hapo aitwe mhandisi wa halmashauri kabla ya mwenye duka la vifaa. Mbao za misonobari za Mufindi ni nzuri zikiwa zimekauka na kutiwa dawa. Mbichi hujipinda na kung'oa misumari. Kwenye bati, namba ikiwa kubwa bati ni jembamba: geji 30 ni nyembamba kuliko 28, na kuna wauzaji wanaoandika 28 kwenye ankara wakashusha 30. Hesabu na kagua siku ya kushusha, sio siku ya kuezeka.

Kwa vyoo vya shule, kiwango ni tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25. Shule yenye wasichana 180 na wavulana 175 inahitaji matundu tisa na saba. Fedha ya matundu manne ikiwa ndiyo iliyopo, yawe ya wasichana, yawe na maji na mlango unaofungwa kwa ndani.

Fedha itoke kwa hatua ya kazi, si kwa tarehe. Mgawo unaofaa boma ni asilimia 50 mwanzoni kwa kupaua na kuezeka, 45 baada ya paa kuonekana kwa macho, kwa ajili ya lipu, sakafu, milango na madirisha, na 5 inayobaki ni ya fundi, nitaieleza mwishoni. Mifuko mingine ya ruzuku hushikilia robo nzima hadi ripoti ifike. Matokeo yake kikundi hukopa saruji dukani kwa bei ya mkopo, na ruzuku inalipa riba ya mtu mwingine. Malipo yapite benki, kwenye akaunti ya kikundi yenye watia saini watatu, kamwe yasipite kwenye simu ya mwenyekiti hata akiwa mwaminifu kama malaika, maana siku akifariki fedha inaingia kwenye mirathi.

Ruhusu pia gharama za uendeshaji. Asilimia 15 kwa nauli, karatasi, vocha na posho ya mtunza hazina si anasa. Usipoiweka wazi itajificha kwenye bei ya saruji, na utakuwa umewafundisha watu wema kudanganya.

Fomu ya maombi iwe ya Kiswahili, kurasa tatu, na mwandiko wa mkono upokelewe. Fomu ya Kiingereza huchagua kikundi chenye mwandishi wa maandiko ya kulipwa, na kikundi chenye kazi nzuri kinabaki nje. Ambatanisho ziwe chache: cheti cha usajili, muhtasari wa kikao ulioidhinisha ombi pamoja na sahihi za waliohudhuria, taarifa ya benki ya miezi sita, barua ya mtendaji wa kata. Shirika lililosajiliwa chini ya sheria ya mashirika yasiyo ya kiserikali, Na. 24 ya mwaka 2002, likipata zaidi ya shilingi milioni 20, kanuni za mwaka 2018 zinataka mkataba uwasilishwe kwa Msajili na Hazina ndani ya siku 10. Familia isaini siku ambayo shirika liko tayari kuwasilisha.

Siku ya ziara, weka daftari la fedha na taarifa ya benki mezani, moja kando ya nyingine, ufuate tarehe kwa kidole. Tazama profoma tatu za bati, yaani ankara za bei kabla ya kununua: mara nyingine zina kosa lilelile la tahajia katika kampuni tatu tofauti. Risiti za EFD, zile za mashine ya kodi, zitolewe nakala wiki hiyohiyo, kwa sababu karatasi yake hufifia. Jalada lililokaa dirishani mwaka mmoja huwa na vipande vyeupe visivyosema kitu. Zungumza na mpishi na mlinzi pia. Na tuma ujumbe mapema kwamba asichinjwe kuku wala mbuzi, maana gharama ya kumkirimu mgeni nayo hutafuta mahali pa kujificha kwenye vitabu.

Upande wa familia yenyewe: bodi ya wadhamini husajiliwa RITA, Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, chini ya sheria ya wadhamini, Sura ya 318, na katika wadhamini watano wawili wasiwe ndugu. Mdhamini mwenye shemeji kwenye kikundi kinachoomba atoke chumbani, na muhtasari uandike saa aliyotoka na saa aliyorudi. Waliokataliwa waandikiwe kabla ya Mei kuisha, kwa sababu moja iliyo wazi, ili kiangazi kisiwapite wakisubiri.

Ile asilimia 5 ya fundi ikae akaunti ya mfuko hadi Februari, na jambo hilo liwe kwenye mkataba wake tangu siku ya kwanza. Nendeni naye siku ambayo mvua inanyesha, ingieni ndani, mfunge mlango, mkae dakika kumi. Mtasikia tone linapodondokea.