Bakuli la kukandia unga (Kutoka 12:34)

Bwana asifiwe wapendwa. Wiki hii nimekwama kwenye mstari mmoja tu, pale Waisraeli wanatoka Misri mbio mbio, unga haujachachuka na vyombo vya kukandia wamevifunga kwenye nguo wamebeba mabegani. Yaani Farao yuko nyuma na mama kabeba bakuli la unga! Miaka yote nasoma sijawahi kuliona hilo bakuli.

Lililonifumbua macho ni picha za mabakuli ya zamani ya Wapueblo, wenyeji wa New Mexico kule Marekani, hasa wale wa Acoma ambao mji wao uko juu ya mwamba. Ni makubwa, mengine yanapita sentimita 40 upana, na gurudumu halikutumika, udongo unaviringishwa kama kamba unapandishwa duara juu ya duara, unasuguliwa na jiwe laini, unachorwa kwa brashi ya jani la yucca (mmea wa jangwani) halafu bakuli linachomwa hapo nje kwa samadi. Kwa nje ungelitaka sebuleni kwako. Ila chungulia ndani, pamelika, ni ngumi za akina mama waliokanda mkate humo miaka na miaka. (Ngano yenyewe ililetwa na Wahispania, walewale walioivamia Acoma 1599 wakaua watu kwa mamia, ndo maana huo mkate siwezi kuusimulia kirahisi.)

Reli ilipofika 1880 vyombo vya bati vya dukani vikazidi kuingia, mafundi wakawa wanafinyanga zaidi vya kuwauzia watalii, na hivyo vya watalii ukichungulia ndani ni visafi kabisa, havijawahi kuona unga.

Sasa hapa ndo niliponyamaza. Chombo kikivunjika vigae havitupwi, Acoma wanavisaga wanachanganya kwenye udongo mpya, ndo unashika vizuri na haupasuki motoni, kwahiyo ndani ya bakuli la mjukuu unaweza kukuta bakuli la bibi. Mimi biashara yangu ilivunjika mwaka juzi, mnajua, na sala yangu ilikuwa Mungu anisahaulishe tu. Tangu Jumatatu nimebadilisha sala, namwambia Baba vile vigae viko hapa, visage.

Jumamosi saa nne tunakanda maandazi ya wagonjwa, mwenye beseni kubwa aje nalo, langu limetoboka.