XML haijafa, niulizeni mie

Vijana wakija ofisini kwetu Mwanakwerekwe wananambia XML, ule mtindo wa kuandika data ndani ya tagi (alama kama <bei>) ili programu zisomeane, ya kizamani, siku hizi JSON tu, mtindo mwengine wa kazi hiyo hiyo. Kwenye API mpya, yaani njia za programu kuzungumza, siwabishii, JSON nyepesi kweli, lakini ukitengeneza tovuti za mahoteli hapa Unguja utakutana nayo tu, upende usipende.

Mwezi wa saba uliopita, wageni wamejaa kisiwa kizima, shangazi mmoja mwenye gesti Jambiani (si wa damu ila ndo namwita hivyo) kanipigia baada ya Isha, "mwanangu, vyumba vyangu vitupu na mtandaoni vinaonesha vimejaa, kuna nini?" Nikafungua laptopu. Tovuti yake kila usiku inatoa faili la XML, ndani mna kila chumba, tarehe, bei na vimebaki vingapi, halafu linapelekwa kwenye mitandao inayouza vyumba. Sasa siku ile mwanawe kabadilisha maelezo ya chumba cha juu kaandika "feni & neti". Basi. Kwenye XML ile & ina kazi yake maalumu, ukiitaka kama maandishi lazima uandike & na msimbo wangu mie ulikuwa unaunga maneno tu bila kuigeuza, faili zima likakataliwa, na mitandao ile ikabaki na hesabu ya juzi gesti ilipojaa kweli. Shangazi kakosa wageni wa siku mbili kwa alama moja, iliniuma sana.

Lakini ukali huo mie naupenda. HTML, lugha ya kurasa za tovuti, ukisahau kufunga tagi brauza inakisia inakumalizia, XML tangu ilipotoka 1998 sheria yake ni kwamba faili likiwa na kosa la muundo programu inasimama. Bei ya chumba sitaki ikisiwe, bora likataliwe kuliko chumba cha dola 60 kuuzwa dola 6. Siku hizi siungi XML kwa mkono, natumia XMLWriter, chombo cha lugha ya PHP, inazigeuza hizo alama yenyewe, na faili likigoma napata meseji hapo hapo.

Ile sitemap.xml ya kuwaonesha Google kurasa nayo ni XML hiyo hiyo, faili moja linabeba mpaka anwani 50,000, gesti ina kurasa 40 tu lakini nimeiweka. Na nembo yake nimeichora kwa SVG, aina ya picha inayoandikwa kwa maandishi, nakshi za mlango wa Mji Mkongwe, minyororo na maua, ukiifungua kwenye Notepad ni XML tupu, kubadilisha rangi unaandika neno moja tu na ukiikuza mpaka ukubwa wa bango haichakai.

Sasa hivi nafanya darsa za msikiti wa mtaani zisikike kama podikasti, ambayo chini yake ni RSS, faili la XML lenye orodha ya vipindi, kila darsa na tagi yake inayoonesha faili la sauti liko wapi na lina baiti ngapi. Darsa ya mwanzo shekhe kaiita "Zaka & Sadaka". Ile & nimeiangalia mara tatu, iko sawa.