Safu Iliyoitwa MENGINEYO

Ofisi yetu iko Ngamiani, Barabara ya 12, kwenye fremu ya mbele ya nyumba ya marehemu babu. Kazi yetu ni kusimamia nyumba za watu hapa Tanga. Chache ziko Raskazone, za kupangwa nzima. Zilizobaki ni nyumba zetu za Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, choo na jiko uani, mita moja ya LUKU, ya umeme wa kulipia kabla, ukutani. Nyumba 41, wapangaji mia mbili na kitu. Mjomba ndiye aliyeianzisha, shangazi ndiye karani tangu siku ya kwanza, nami nimeingia baada ya kumaliza chuo.

Mwanzoni mwa 2024 kompyuta ya mezani iliyobeba kazi yote hiyo ilikataa kuwaka. Upepo wa chumvi unakula mabati hapa, sembuse kompyuta. Fundi akaihangaikia siku mbili, ikawaka, akaniambia, "Dada, hii usiizime tena mpaka utoe vitu vyako." Ilikuwa ya Windows XP, ambayo Microsoft waliacha kuitolea masasisho ya usalama Aprili 8, 2014. Ndani yake mlikuwa na programu ya Access, ya kutunza kumbukumbu kwenye majedwali, aliyotutengenezea kijana mmoja mwaka 2005, kisha akahama mji. Fomu na hesabu alizifunga, hakuna awezaye kuzigusa. Bahati njema majedwali yenyewe yalikuwa wazi, nikayatoa yote kwenye flashi usiku ule ule, nikiomba Mungu umeme usikatike.

Mjomba alitaka tununue programu iliyo tayari. Nilizijaribu tatu, na zote zilikwama mahali pamoja: kwao nyumba ina mlango mmoja, mpangaji mmoja na mita yake. Chumba cha uani hakina pa kukaa. Watu sita wanaopokezana kununua umeme wa mita moja hawana pa kukaa. Na tangu 2021, kodi ya majengo ilipoanza kukatwa kwenye LUKU, anayenunua umeme ndiye anayekatwa fedha ambayo ni deni la mwenye nyumba. Lazima arudishiwe kwenye pango lake, na nani alinunua mwezi gani lazima paandikwe mahali. Huo ugomvi nimeuamua mara nyingi barazani kuliko ugomvi wowote mwingine.

Ndipo nikaamua kujenga yetu wenyewe, kwenye jukwaa la wingu, yaani la mtandaoni, ambalo unajenga programu kwa kupanga majedwali, kuchagua na kuandika kanuni fupi fupi, bila kuandika msimbo mrefu. Nilichukua AppSheet, ambayo Google waliinunua mwaka 2020, kwa sababu data inakaa kwenye lahajedwali (spreadsheet) ya kawaida ninayoweza kuifungua na kuinakili. Nilijua na kasoro yake: leseni hulipwa kwa kila mtumiaji kila mwezi, na siku tukitaka kuhama, data tutaondoka nayo lakini fomu na kanuni zitabaki huko huko. Kwa hiyo kila kanuni nimeiandika pia kwa Kiswahili kwenye daftari, na daftari liko kabatini.

Kujenga kulinichukua wiki tatu. Kuhamisha kulinichukua miezi mitatu.

Namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, ina tarakimu 20. Lahajedwali ikidhani ni hesabu hushika 15 za mwanzo tu, zilizobaki inazigeuza sifuri. Nilishapakia wapangaji 90 ndipo nikaona namba zote zinaishia 00000. Namba za simu nazo zilipoteza sifuri ya mbele. Dawa ni moja: kabla hujapakia chochote, iambie safu hiyo kwamba ni maandishi. Tarehe ndizo zilizoniogopesha zaidi, kwa sababu kosa lake halionekani. Lahajedwali ilikuwa imewekwa kwa mpangilio wa Marekani, mwezi kwanza, basi mkataba unaokwisha 3/4, yaani tarehe 3 Aprili, ukasomeka Machi 4. Mtu angeweza kudaiwa mwezi mzima kabla ya siku zake. Nilizipitia zote kwa mkono, nikilinganisha na mikataba ya karatasi.

Mwishoni mwa kila mstari wa mfumo wa zamani palikuwa na safu iitwayo MENGINEYO. Imejaa herufi mbili mbili: GZ, HS, MT. Nilidhani ni uchafu wa miaka, nikaiacha nje. Tarehe 5 ya mwezi wetu wa kwanza wa kuitumia, programu mpya ikatoa orodha ya waliochelewa, na kijana wetu akapanda baiskeli akapita nayo mlango kwa mlango. Jioni mpangaji mmoja, mvuvi wa dagaa, akaja ofisini. Hakupaza sauti. Alisema tu, "Binti yangu, miaka kumi na moja nakaa chumba kile, leo nimedaiwa mbele ya watoto wangu." Shangazi alinitazama, akaniuliza, "GZ umeiweka wapi?"

GZ ni giza. Boti za dagaa zinavua kwa taa, na taa hazifai kitu mwezi ukiwa unang'aa. Mvuvi yule hupata fedha giza linapokwisha, na shangazi alikubaliana naye alipe baada ya mwezi kuandama. Hajawahi kukosa. Tarehe 5 haikumhusu kabisa.

Nilikwenda kwake kesho yake, nikamwamkia na kumwomba radhi. Kisha nikakaa na shangazi alasiri nne mfululizo, yeye anasema, mimi naandika. MT ni mtaalamu wa hesabu anayelipa miezi sita kwa mkupuo na hataki kuulizwa katikati. Kila mkataba sasa una sehemu ya desturi ya malipo: kwa mwezi, miezi mitatu, miezi sita, au giza. Kwa giza nimeweka jedwali la tarehe za mwandamo kutoka kalenda ya Kiislamu iliyoning'inia ofisini, na tarehe ya mwisho ni siku kumi baada yake.

HS ni hisa. Nyumba nyingi tunazosimamia ni za mirathi. Chukua iliyoachiwa mjane, watoto wa kiume wawili na wa kike watatu: mjane ana thumuni, wa kiume kila mmoja sehemu mbili za nane, wa kike kila mmoja sehemu moja. Pango la shilingi 320,000 linagawanyika vizuri: mjane 40,000, mabinti 40,000 kila mmoja, vijana 80,000 kila mmoja. Mfumo wa 2005 ulijua kugawa hivyo, ila mgawo ulifungiwa ndani ya programu. Mmoja wa warithi alipofariki na hisa yake kushuka kwa watoto wake, shangazi akaanza kugawa kwa kikokotoo na kuandika HS pembeni. Sasa hisa ni jedwali lake, lenye tarehe ya kuanza na ya kukoma, na mjane akiuliza ya mwaka juzi namwonyesha ya mwaka juzi.

Mei 12, 2024, nyaya za EASSy na SEACOM zilipokatika chini ya bahari na intaneti ikawa shida nchi nzima, mjomba alinipigia akiwa na hofu kuwa wingu limetutupa. Kijana wetu aliendelea kuandika malipo kwenye simu. Yalikaa humo humo, na mtandao uliporudi yakapanda yenyewe. Nilikuwa nimeiruhusu programu kufanya kazi bila mtandao. Anayejenga ya namna hii pwani asiisahau.

Jambo moja nalichukulia kwa uzito. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na sisi tumeshika NIDA na simu za watu. Kijana wa baiskeli anaona jina, chumba na deni, basi. NIDA tunaiona mimi na shangazi.

MENGINEYO nimeirudisha, safu ile ile, jina lile lile. Juzi nilifungua chumba cha nne cha nyumba moja ya Makorora nikakuta herufi nisizozijua: MZ. Nikampigia shangazi.

"Mzazi," akasema. "Kajifungua Jumanne. Asiguswe mpaka arobaini ipite."

Nimeiongeza kwenye orodha ya desturi, siku 40.