Tazama umbo kabla ya kusoma maagizo

Ghidra, programu ya kuchunguza ndani ya programu nyingine bila msimbo wake asilia, ilitolewa bure na NSA, shirika la ujasusi la Marekani, mwaka 2019. Wengi wanaoifungua mara ya kwanza hukimbilia dekompaila, sehemu inayojaribu kurudisha maagizo ya mashine kuwa msimbo, kwa kuwa pale wanakuta kitu kinachofanana na lugha ya C. Mimi huanza na dirisha la grafu, na kila ninayemfundisha namwanzishia hapo hapo.

Grafu huikata fankisheni vipande vipande. Kila kipande ni maagizo yanayotekelezwa kwa mfululizo, na mishale inaonyesha prosesa inaweza kuelekea wapi baada ya hapo. Wa kijani ni mruko wenye sharti, mwekundu ni njia ya kuendelea mruko usipofanyika, wa bluu hauna sharti. Mshale unaopanda kurudi juu ni kitanzi. Njia mbili zinazoachana kisha zikakutana chini ni if na else. Kipande kinachotoa mishale mingi kama mikono ya pweza, aghalabu hiyo ni switch, yaani uchaguzi kati ya njia nyingi. Yote haya unayajua kabla hujasoma agizo hata moja!

Ila kompaila, programu inayogeuza msimbo wako kuwa maagizo ya prosesa, hupenda kugeuza masharti. Uliandika “kama x inazidi 0”. Kwenye asembli, yaani maagizo ya prosesa yaliyoandikwa kwa maneno mafupi, unakuta JLE, yaani ruka x ikiwa 0 au chini yake. Kwa hiyo mwili wa if yako uko kwenye mshale mwekundu.

Programu nzuri ya kujifunzia ni ile uliyoiandika mwenyewe. Nina moja fupi ya C inayojumlisha tarakimu za namba isiyo hasi: inachukua baki ya kugawanya kwa 10, inaijumlisha, inagawanya kwa 10, inarudia hadi ibaki 0. Niliikompaili kwa gcc -O2, yaani kompaila ya gcc ikiagizwa kuharakisha programu. Kitanzi kinaonekana mara moja, na while yangu imepangwa upya: sharti linakaguliwa mara moja mlangoni, kisha mwishoni mwa kila mzunguko.

Utamu uko ndani ya kitanzi. Agizo la kugawanya, DIV, halipo kabisa. Badala yake kuna namba 0xCCCCCCCD, agizo la kuzidisha IMUL, kisha SHR, agizo la kusogeza biti kulia, kwa biti 35. Piga hesabu: 2 kwa kipeo cha 35 ni 34359738368, gawanya kwa 10, upate 3435973836.8, ipandishe hadi namba nzima inayofuata, 3435973837, nayo kwa heksadesimali, yaani namba za msingi wa 16, ndiyo 0xCCCCCCCD. Kuzidisha kwa namba hiyo na kusogeza biti 35 kulia ni kugawanya kwa 10, na kwa namba za biti 32 jibu halikosei kamwe. Kompaila imefanya hivyo kwa sababu prosesa huzidisha haraka kuliko inavyogawanya. Baki nayo inapatikana kwa kutoa: n kasoro mara kumi ya jibu.

Dekompaila ya Ghidra huitambua hila hiyo na kukuandikia “/ 10” tu. Ni kazi nzuri sana, lakini anayeishia hapo hatajua kompaila ilifanya nini. Jaribu na 7 badala ya 10: utakuta namba nyingine na hatua zaidi, na hizo zinastahili makala yake.