Wino Kwanza, Maji Baadaye

Kila ninapofungua michoro ya Arthur Rackham, Mwingereza aliyezaliwa London mwaka 1867, macho yangu huanzia kwenye mizizi ya miti. Imepindapinda kama vidole vya ajuza, ina vifundo na makunyanzi, na ukiitazama kwa karibu utaona kwamba yote hayo ni kazi ya mstari wa wino: unaanza mwembamba kama unywele, unanenepa pale mkono unapoikandamiza nibu, kisha unafifia taratibu hadi kupotea.

Rackham alikuwa karani katika ofisi ya bima, akisomea uchoraji jioni. Mwaka 1900 alichora ngano za ndugu Grimm wa Ujerumani, karibu picha zote zikiwa za wino mweusi mtupu. Mwaka 1909 kitabu kikatoka upya kikiwa na picha 40 za rangi. Kwangu mimi, hapo ndipo ufundi wake unapodhihirika, kwa sababu michoro ile ilikuwa imekwisha kusimama kwa wino kabla rangi haijafika.

Alianza kwa penseli, akafuatisha kwa wino usioyeyuka majini, kisha akapaka rangi za maji zilizozimuliwa sana, tabaka juu ya tabaka, kila moja ikisubiriwa ikauke. Hudhurungi na kijivu ndizo zilizotawala. Giza la msitu hutokana na tabaka nyingi, ilhali mwanga kwenye shavu la binti ni karatasi yenyewe iliyoachwa bila kuguswa. Rangi hizo ni hafifu mno, na zingeweza kupotea katika uchapaji wa wakati ule, uliotumia njano, nyekundu na buluu juu ya karatasi laini; lakini mstari uliendelea kushikilia umbo.

Nilipojaribu kuchora nyumba ya zimwi kwa njia hiyo, nilipitisha brashi mapema mno, na paa lote likatapakaa weusi. Tangu siku hiyo wino wangu hulala usiku kucha kabla haujaonja maji, na nimegundua jambo linalonifurahisha sana: rangi inayokauka polepole hujikusanya pembezoni na kuacha ukingo mweusi kidogo, ambao kwenye gome la mti hufanana kabisa na ukuvu. Ukingo huo siufuti.