Keki na moyo uliovunjika: Januari 2022

Wiki hii kijana mmoja aliyejiunga nasi hivi karibuni ameniuliza kwa nini kwenye faili la mahitaji la maktaba yetu ya Python, yaani orodha ya programu na maktaba (vifurushi vya msimbo) tunazozitegemea, Black, programu inayopanga msimbo, imefungwa kwa namba kamili ya toleo, ilhali maktaba nyingine zimeachwa huru. Nilimjibu kwa kifupi kwamba ni mambo ya Januari 2022, lakini swali lake limenikumbusha dada mmoja aliyetuletea mchango wake wa kwanza wakati huo.

Alikuwa amesahihisha maelezo ya matumizi, aya mbili tu, bila kugusa hata mstari mmoja wa msimbo. Tarehe 29 mwezi huo Black ilikuwa imetoa toleo 22.1.0, la kwanza lisilo la majaribio, nalo liliondoa nafasi kwenye alama ya kipeo (**) pale pande zote mbili zinapokuwa sahili, kama jina au namba tupu. Maktaba yetu hukokotoa umbali kwenye ramani, kwa hiyo vipeo vimejaa humo: dx ** 2 ilitakiwa sasa iwe dx**2, huku (1 + e) ** 2 ikibaki ilivyo. Seva ya majaribio, inayokagua kila mchango, ilichukua toleo jipya kabisa la Black kila ilipowashwa. Kompyuta ya dada yule ilikuwa na toleo la kabla ya hapo, 21.12b0.

Nakumbuka picha mbili za skrini alizotutumia, moja juu ya nyingine. Juu, kwenye kompyuta yake, Black ilikuwa imemaliza kazi na kumchorea kipande cha keki katikati ya nyota. Chini, kwenye seva, amri ileile juu ya mafaili yaleyale ilimwekea moyo uliovunjika katikati ya milipuko miwili, pamoja na orodha ya mafaili ambayo hakuwahi kuyafungua. Kisha akaandika: "Samahanini sana kaka zangu, sijui nimeharibu nini." Niliyarudia maneno hayo. Mtu aliyejitolea jioni yake kutusaidia alikuwa anatuomba radhi kwa kosa lisilo lake, na katika maandishi yote ya mashine hapakuwa na mstari hata mmoja wa kumwondolea lawama.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Tulimwambia hajaharibu kitu, tukaunganisha mchango wake, tukafunga toleo, tukapanga upya msimbo wote katika badiliko moja, na namba ya badiliko hilo tukaiandika kwenye .git-blame-ignore-revs, faili la mabadiliko ambayo Git, programu inayotunza historia ya msimbo, inaweza kuambiwa iyaruke, ili anayetafuta aliyeandika mstari fulani asiishie kwa mtu aliyeondoa nafasi tu.

Hata hivyo, mwezi Machi Click, maktaba ambayo Black huitegemea, ilitoa 8.1.0, na Black ileile tuliyoifunga ikagoma kuwaka, kwa kuwa moduli ya ndani iliyokuwa ikiiita, _unicodefun, ilikuwa imeondolewa. Ikabidi tupande hadi Black 22.3.0. Tangu hapo tunajadiliana kama tufunge pia kila maktaba iliyo chini yake. Mimi naelekea kukubali, kwa ajili ya wageni. Wenzangu wanauliza, kwa haki kabisa, nani atakaa kuzipandisha namba zote hizo kila mwezi, maana sote tunafanya kazi hii baada ya kazi. Kijana wa wiki hii ameomba kuingia kwenye mjadala huo, na nimemkaribisha.