Kha-nyou, mnyama aliyeonekana sokoni Laos

Jamani leo niwaambie kuhusu kha-nyou, maana huyu mnyama nampenda kupita kiasi. Anaishi Laos kule Asia, mkoa wa Khammouane, kwenye misitu ya milima ya mawe ya chokaa, ukimtazama utasema ni panya lakini mkia una manyoya kama wa kindi, rangi kijivu cheusi, na akitembea polepole anayumbayumba kama bata. Usiku ndo anatoka kula majani, mchana kajificha kwenye nyufa za mawe, na anazaa mtoto mmoja tu, hawaongezeki haraka, ndo maana mitego ya wawindaji inaniogopesha.

Wanasayansi walimuona kwanza sokoni, miaka ya 90, anauzwa kama nyama! Wenyeji walikuwa wanamjua siku zote, wanamla, jina wanalo, hilo watu wanalisahau wakisema "amegunduliwa". 2005 akapewa jina la kisayansi Laonastes aenigmamus, wakamuwekea familia (yaani ukoo wa wanyama) yake peke yake, halafu 2006 mwanasayansi Mary Dawson na wenzake wakalinganisha mifupa yake na visukuku, mabaki ya kale yaliyogeuka mawe, wakakuta ni wa familia ya Diatomyidae, ambayo ilidhaniwa imeisha miaka milioni 11 iliyopita. Milioni 11! Mwaka huohuo profesa mstaafu David Redfield akampiga video akiwa hai.

Baadaye akaonekana na Vietnam, upande wa hifadhi ya taifa ya Phong Nha-Ke Bang. Na ndugu zake wa karibu walio hai wako huku Afrika, ni wanyama wadogo wanaoitwa gundi (si gundi ya kubandikia!), nao wanakaa kwenye mawe, Sahara mpaka Somalia na Ethiopia.